Mlango wa Mama Perusi

Katika nchi ya Hisani hakuna mtu anayefika bila kutarajiwa. Wageni wote huandikwa siku kadhaa kabla, na anayefika bila kuandikwa huhesabiwa kuwa kosa la mtu fulani ofisini. Kwa hiyo nilipotokea kwenye lango la mji wao mkuu, unaoitwa Mlangoni, asubuhi ya Jumanne, nikiwa na begi moja na cheti changu cha chuo kikuu ndani ya bahasha, mlinzi hakuniuliza mimi ni nani. Alimgeukia mwenzake.

"Huyu ni wa nani?"

"Si wangu," mwenzake alijibu haraka.

Nikawaamkia. Waliitikia, kisha wakanielekeza kwenye meza mbili zilizowekwa chini ya paa la bati. Juu ya meza ya kwanza paliandikwa KUTOA, juu ya ile ya pili KUPOKEA. Mbele ya ile ya kwanza walisimama watu wanne waliovaa vizuri. Foleni ya meza ya pili ilifuata ukuta wa mji, ikakata kona, na sikuona mwisho wake.

Katikati ya meza hizo alikaa mama mmoja mnene mwenye sauti ya upole. Jina lake Bi Edina, Mkuu wa Mapokezi. Miaka ishirini ya kazi ilikuwa imemfundisha kumtazama mtu mara moja na kujua anavaa sandali namba ngapi.

"Binti, umekuja kutoa au kupokea?"

"Nimekuja kutazama, mama. Nimemaliza masomo mwaka huu. Nilisikia kuna mji ambao watu wake wameamua kwamba hakuna mtu atakayelala nje, nikasema lazima niuone."

"Kutazama." Alilionja neno hilo kama mtu anayeonja chumvi. "Kutazama si kutoa. Basi ni kupokea?"

"Labda nitapokea mafunzo."

"Usinichanganye, mwanangu. Jua kali."

Waliitwa maofisa watatu. Wa kwanza aliinama akatazama viatu vyangu, akasema visigino vimekwisha, kwa hiyo mimi ni wa kupokea. Wa pili alisema mwenye cheti akiingizwa kupokea, mji utachekwa. "Basi atoe," alisema wa kwanza. "Atoe nini?" alijibu wa pili. "Hebu liangalie begi lenyewe." Walijadiliana mpaka saa sita mchana, mbele yangu, bila chuki yoyote, kama watu wanaotafuta mahali pa kuweka kabati. Hatimaye yule wa tatu alikumbuka kwamba mwaka ule ulikuwa Jubilei ya miaka arobaini ya Jumuiya ya Mlango, na kwamba bado hakujapatikana mtu wa kuandika kitabu cha historia yake. Nilisema nimesomea historia. Wote watatu walishusha pumzi.

"Lakini hakuna meza ya kuandika," alisema Bi Edina, na kwa sheria zao alikuwa sahihi, maana hakuna anayeingia Mlangoni ila kwa kupitia mezani. Akaitwa seremala. Alipigilia meza ya tatu na kiti chake, akachora juu KUANDIKA, nami nikaketi hapo saa nzima kama utaratibu unavyotaka. Nilipoinuka nilikabidhiwa kile kiti niondoke nacho, kwa kuwa hakukuwa na idara yenye mahali pa kukiweka. Ndivyo nilivyoingia, begi begani na kiti kichwani.

Niseme mapema kwamba nilipokelewa vizuri. Nilipewa chumba chenye dirisha, na ufunguo wake. Nililetewa uji wa ulezi kila asubuhi. Watu wa Jumuiya walikuwa wachamungu kweli, wanaosali kabla ya kufungua kikao na kabla ya kukifunga, na sikumkuta hata mmoja ambaye ningeweza kumwita mbaya. Nimejaribu kukumbuka kama yupo, kwa sababu ingekuwa rahisi zaidi kuandika.

Habari ya mwanzo wa Jumuiya inajulikana na kila mtoto wa Hisani. Miaka arobaini iliyopita, katika mvua kubwa, mtu asiye na makao alibisha kwenye mlango wa mjane aliyeitwa Mama Perusi. Mama Perusi alifungua. Basi. Kila kilichofuata kilitoka hapo. Leo Jumuiya ina majengo tisa yanayolaza watu elfu tisa, Idara ya Uji, Idara ya Blanketi, Idara ya Foleni, Idara ya Faraja, na nyingine ambazo nilizitembelea bila kujua zinafanya nini.

Mlango wenyewe bado upo. Umesimamishwa katikati ya uwanja mkuu ukiwa ndani ya fremu yake, bila ukuta kulia wala kushoto. Waweza kuuzunguka kwa hatua sita. Kila mwaka hupakwa vanishi mpya juu ya ile ya zamani, kiasi kwamba bawaba, komeo na mbao zimeshikana kuwa kitu kimoja kinachong'aa kama asali. Hakuna anayeufungua. Sheria inakataza, na hata isingekataza, usingefunguka.

Nilianza kazi katika chumba cha kumbukumbu, nikisoma taarifa za mwaka moja baada ya nyingine. Nilizisoma kwa furaha mwanzoni. Mwaka wa kwanza: chumba kimoja, sufuria moja, mtu mmoja. Mwaka wa pili: watu kumi na wawili, na majirani wanaleta mikeka. Mwaka wa nne watu walikuwa wengi hata wakahitaji kupangwa, ikaanzishwa foleni. Foleni ilinyeshewa, ikabidi ijengewe paa. Paa lilihitaji kiwanja. Mwaka wa tano Mama Perusi alifariki, na kwa heshima yake mlango wa nyumba yake uling'olewa ukahifadhiwa. Nyumba isiyo na mlango ilionekana haifai kukaliwa, ikabomolewa. Mwaka wa sita Jengo la Foleni lilianza, na kwa ajili yake ulichukuliwa mtaa mzima wa wafinyanzi.

Nilikwama kwenye mstari uliofuata, nikausoma mara tatu. Ulisema: "Mwaka huu wahitaji wameongezeka kwa familia mia mbili na kumi, na kwa neema ya Mungu tulikuwa tayari kuwapokea."

Nilihesabu nyumba kwenye ramani ya zamani ya mtaa wa wafinyanzi. Zilikuwa mia mbili na kumi.

Niliendelea. Mwaka wa kumi, Jengo la Pili, na mtaa wa washona viatu. Mwaka wa kumi na sita, Jengo la Nne. Kila mara jengo liliposimama wahitaji waliongezeka, na kila walipoongezeka viongozi walipiga magoti kushukuru kwamba jengo lilikuwa limewahi. Hakuna aliyedanganya. Kila kitu kiliandikwa wazi, kwa mwandiko mzuri.

Katika wiki yangu ya pili nilialikwa kwenye kikao kinachoitwa Maombolezo. Nilidhani kuna msiba. Maofisa walikaa wakiwa na vitambaa vyeusi begani, na Bi Edina alikuwa analia. Nilimnong'oneza jirani yangu, nikamuuliza nani amefariki.

"Hajafariki. Rosina wa Jengo la Tatu. Amepata chumba huko nje. Chumba chenye kufuli."

"Si habari njema hiyo?"

Alinitazama kwa huruma. "Alikuwa anaendelea vizuri sana. Miaka saba! Tulimkosea wapi?"

Ndipo nilipojifunza kwamba kwa sheria ya Hisani, mgeni akipata ufunguo wake mwenyewe huandikwa miongoni mwa Waliopotea. Nilijifunza pia sheria iliyo kubwa kuliko zote: raia haruhusiwi kumfungulia mlango mtu asiye na makao. Ukarimu wa mtu mmoja mmoja, walinieleza, hauna mpangilio. Unampa mtu chakula leo na kumwacha kesho, na hauna taarifa ya mwaka. Jumuiya pekee ndiyo yenye kibali cha kufungua. Anayefungua bila kibali hutangazwa, na tangu hapo hakuna mlango wowote wa nchi ile unaoruhusiwa kufunguliwa kwa ajili yake mpaka avuke mpaka. Kutoka Mlangoni hadi mpakani ni mwendo wa siku tisa.

"Mara ya mwisho ilikuwa lini mtu kutangazwa?" niliuliza.

"Hatujawahi," walisema kwa fahari. "Watu wetu ni wema."

Nilimfahamu Lameki Njwaba kwa sababu kitabu kilimhitaji. Yeye ndiye aliyebisha. Nchi nzima inamwita Mgeni wa Kwanza, na picha yake imechorwa kwenye mabakuli yote ya Idara ya Uji, akiwa kijana, amelowa. Nilidhani atakuwa na chumba kizuri kuliko wote. Nilimkuta analala barazani mwa Jengo la Kwanza, upande unaopigwa na upepo. Sheria inataka hivyo. Akilazwa ndani hatakuwa tena mtu asiye na makao, na asipokuwa mtu asiye na makao, Jubilei haitakuwa na wa kubisha.

Alikuwa amevaa nguo zilizochanika magotini na viwikoni, safi kabisa, zimepigwa pasi.

"Usizishangae," aliniambia. "Zinachanwa na mafundi, kwa kipimo. Nikizishona nakemewa."

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wewe ndiye binti wa kiti? Nilikuona unaingia nacho kichwani. Nikasema, huyu mjanja, kaja na mahali pake pa kukaa."

Alikiomba kiti akakigeuza juu chini, akagonga miguu yake kwa kifundo cha kidole. "Seremala wenu mvivu," alisema. "Mguu huu utaondoka Krismasi haijafika." Kisha akatoa mfukoni kisu kifupi cha kukatia ukindu, akachonga kabari kutoka kwenye kipande cha kuni, akaikaza. Lameki alikuwa fundi viti.

Nilikwenda kwake kila siku baada ya hapo. Alikohoa sana, kikohozi kinachotoka mbali, na kila alipomaliza alifuta mdomo na kuomba radhi kana kwamba amekatiza maneno ya mkubwa. Nilimuuliza habari ya usiku ule wa mvua, nikiwa na kalamu mkononi.

"Mama Perusi alikuwa mkali," alisema. "Hilo hawaliandiki. Alifungua akaniona ninavyochuruzika, akasema, 'Ingia upesi, utaniloweshea kizingiti.' Nikaingia. Akaniuliza, 'Jina lako nani?' Nikamwambia. Akanipa kiti chake, kimoja alichokuwa nacho, yeye akakalia ndoo. Kesho yake akaenda sokoni, akaniachia ufunguo. Mtu hanijui, binti! Kaniachia ufunguo wa nyumba. Nilikaa nao mkononi mpaka aliporudi. Sikuweza hata kusinzia, niliogopa kuupoteza."

"Ulikaa kwake muda gani?"

"Siku kumi na moja. Halafu nikapata kazi ya viti, nikapanga chumba kwa wafinyanzi. Miaka sita. Nilioa huko."

Niliacha kuandika. Katika taarifa za Jumuiya miaka ile sita ilikuwa na kichwa chake: Miaka ya Kupotea kwa Mgeni wa Kwanza. Nilikuwa nimekwisha kuiandika hivyo kwenye sura yangu ya pili, tena nilimwandikia sentensi nzuri ya majuto.

"Walipobomoa mtaa," aliendelea, "mimi na Sabina tulipanga foleni pale kwa kupokea. Siku nne. Siku ya nne wakanitambua. Weee! Walivyofurahi! Waliniinua juu juu, 'Amerudi! Amerudi!' Kengele zikapigwa. Sabina wakampeleka Jengo la wanawake. Huko kila kitanda kina jina la usharika uliokitoa, na anayekilalia huitwa jina hilo. Alipofariki nilisikia wanamzika mtu anayeitwa Usharika wa Kilima cha Juu. Sikujua ni yeye mpaka Jumapili iliyofuata."

Hakulia. Aligeuza kile kiti tena akaangalia kabari yake.

Sherehe ya kubisha hufanyika kila mwaka, lakini hii ya Jubilei ilitarajiwa kuwa kubwa kuliko zote. Mgeni wa Kwanza husimama mbele ya mlango katika mvua, hubisha mara tatu, umati hushangilia, na viongozi huhutubia. Zamani ilifanyika usiku kama ilivyotokea, lakini wageni wa heshima walilalamika, ikahamishiwa saa tisa alasiri. Mvua nayo ilikuwa haitabiriki, ikaanzishwa Idara ya Mvua. Mkuu wake, Bwana Kalebu, alinionyesha mabomba na pampu zake kwa fahari ya mtu anayeipenda kazi.

"Mvua ya Mungu haina ratiba," alisema. "Hii yangu ina nusu saa kamili, baridi, matone makubwa. Watu wanaiona mpaka kule nyuma."

Nilikwenda kwa Baba Zefania, Mtunza Mlango Mkuu, kumwombea Lameki. Alikuwa mzee mwembamba mwenye macho mekundu ya mtu asiyelala vya kutosha, na alinisikiliza mpaka mwisho. Aliitisha baraza siku hiyo hiyo. Nimehifadhi maneno yao kama yalivyosemwa.

Mmoja alipendekeza abishe mtu mwingine mwenye afya. Alijibiwa kwamba mtu mwingine hatakuwa wa kwanza. Mmoja alipendekeza maji ya vuguvugu. Bwana Kalebu alisimama, amekasirika kweli, akasema maji ya vuguvugu si mvua, na kama baraza linataka kumwogesha mzee, limtafute mtu wa bafu. Wengine walicheka. Bi Edina aliuliza kama mzee anaweza kushika mwavuli, lakini ikaonekana kwamba mwenye mwavuli hana haja kubwa ya kubisha. Baada ya saa mbili waliamua kwamba mvua ipunguzwe kutoka dakika thelathini hadi ishirini, na kwamba uamuzi huo uandikwe katika kitabu changu kama uboreshaji wa huduma.

Baba Zefania alinibakiza wengine walipotoka.

"Unafikiri sina moyo," alisema.

"Hapana, baba."

"Kila mwaka anapobisha mimi hulia. Muulize yeyote. Lakini elewa, binti. Watu elfu tisa wamekula leo kwa sababu ya mlango ule. Wanaotoa, wanatoa kwa sababu wanauona umefungwa na wanaamini nyuma yake kuna nyumba. Siku ukifunguliwa wataona uwanja upande wa pili. Hao elfu tisa nitawaambia nini?"

Swali hilo ninalo mpaka leo, na sitaki kujifanya nimelijibu.

Kisha akaniambia jambo lililokuwa la furaha. Baraza limependezwa na kurasa zangu. Kitabu kitachapwa na jina langu kwenye jalada. Nitapewa kazi ya kudumu, Mwandishi Mkuu, na chumba changu kitakuwa changu, pamoja na ufunguo wake. Nyumbani mama yangu alikuwa akijibu kila siku swali la majirani, kama yule mtoto wake msomi amepata kazi. Nilimwandikia barua jioni ile ile, nikaifunga, nikaiweka mezani.

Kesho yake nilimpelekea Lameki habari za dakika ishirini. Alicheka mpaka kikohozi kikamkamata.

"Wamenipunguzia! Mwambie Kalebu nashukuru. Labda mwaka wa themanini nitabisha nikiwa mkavu."

"Nimeshindwa, baba. Nisamehe."

"Umeshindwa nini? Hukunisikia nikikuomba maji yapungue." Alivuta shuka lake. "Nikuombe kitu kweli?"

"Niombe."

"Miaka thelathini na nne nabisha pale. Nikimaliza wanapiga makofi, halafu wananizungusha mpaka mezani kwa Edina, naulizwa kama nimekuja kutoa au kupokea. Mwaka huu kifua kimekataa, binti, na mimi fundi, najua kitu kikianza kuachia. Sitaki unitoe huku. Sitaki unipe nyumba. Nikibisha, mtu afungue. Aniulize jina, nikae. Basi."

"Nitafungua," nilisema.

Nililisema kwa wepesi, kama watu wa umri wangu wanavyosema, na nilikuwa nimekwisha kufika ngazini nilipoelewa nimesema nini. Aliniita nirudi. Alikuwa amenyoosha mkono wenye kile kisu cha ukindu.

"Ile vanishi ni ngumu," alisema. "Anzia upande wa bawaba."

Siku sita zilibaki, na nilizitumia kutafuta njia ya kutofanya. Nilijiambia nikibaki ndani nitasaidia wengi zaidi. Nilijiambia kitabu kilichoandikwa kwa ustadi, chenye ukweli uliofichwa katikati ya sifa, kitabadilisha mambo polepole. Nilijiambia hata Mama Perusi hakuwa na majengo tisa ya kupoteza. Hoja hizi zilikuwa nzuri, na kila moja nilikuwa nimeisikia barazani. Barua ya mama iliendelea kukaa mezani. Sikuipeleka posta wala sikuichana.

Siku ya Jubilei mawingu yalijaa lakini hayakunyesha. Uwanja ulifurika. Wenye kutoa walikaa mbele, chini ya turubai. Wa kupokea walisimama nyuma, wamepangwa kwa majengo. Mimi nilipewa nafasi upande wa pili wa mlango, mahali pa mwandishi, na nilikuwa nimeitia barua ya mama kifuani, kiti changu nimekibeba. Hakuna aliyeshangaa. Walikwisha kunizoea nikiwa nacho.

Saa tisa kamili Bwana Kalebu alipunga kitambaa. Pampu zikanguruma, na maji yakaanza kumwangukia mtu mmoja katikati ya uwanja mkavu. Mlango ulinizuia nisimwone, ila nilisikia kikohozi chake. Kisha nikasikia kubisha. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Mara ya tatu ilikuwa hafifu, kama mtu aliyegusa tu kwa kiganja.

Umati ulishangilia. Baba Zefania alifunika uso wake, na machozi yake yalikuwa ya kweli.

Nilikwenda mlangoni nikaingiza kisu upande wa bawaba.

Vanishi ilitoka kwa vipande, kama ganda la yai. Mwanzoni walidhani ni sehemu ya ratiba; mtangazaji hata alisema, "Na sasa mwandishi wetu…" kisha akaanza kupekua karatasi yake. Nilikata penye bawaba, nikakata juu, nikakata chini, na vidole vyangu vilichubuka. Nilisikia mtu akipaza sauti, "Binti! Acha! Binti!" Ilikuwa sauti ya Bi Edina, na ndani yake hamkuwa na hasira, mlikuwa na woga, woga wa mtu anayemwona mtoto barabarani. Komeo lilikataa. Nililipiga kwa bega mara mbili, likaachia, nikavuta.

Mlango ulifunguka kwa mlio ambao sijausikia tena popote.

Lameki alikuwa amesimama pale akichuruzika maji, mikono imeinuliwa bado. Alinitazama kama mtu asiyeamini macho yake.

"Ingia upesi," nilimwambia. "Utaniloweshea kizingiti."

Aliinua mguu, akavuka.

"Jina lako nani?"

"Lameki Njwaba," alisema, na alilisema kwa sauti, likasikika mpaka kwa waliosimama nyuma. "Fundi viti."

Nilimpa kiti. Aliketi taratibu, akaugusa kwanza ule mguu alioukaza. Nilitoa ufunguo wa chumba changu nikamwekea kiganjani, ingawa wote wawili tulijua kwamba kitasa kitabadilishwa kabla ya jua kuzama. Alifumba mkono.

Watu elfu tisa na wageni wao walikuwa wanatazama kupitia mlango wa Mama Perusi, na upande wa pili waliona uwanja, msichana mmoja mwenye vidole vya damu, na mzee aliyekaa. Kalebu alisahau kufunga pampu, na maji yaliendelea kuanguka mahali pasipo mtu.

Nilitangazwa palepale. Baba Zefania aliisoma sheria mwenyewe, kwa sauti iliyokatika mara mbili, na kurasa zangu zilichukuliwa. Wakati walinzi wananishika, nilimwona Bi Edina akimwendea Lameki na daftari lake, kwa kuwa hakujua la kufanya zaidi ya lile alilolifanya kwa miaka ishirini.

"Baba," alimwuliza, karibu kwa kunong'ona, "kutoa au kupokea?"

Lameki aliinua uso. Maji bado yalimtiririka kwenye nyusi.

"Nimefika, Edina," alisema. "Andika hivyo."

Sikuona kama aliandika. Walinipitisha langoni, na mvua ya kweli ilianza kabla sijaliacha paa la bati. Nilitembea siku tisa. Nilipita milango mingi, na kila mlango nilioukaribia nilisikia komeo likishushwa ndani. Katika nyumba moja tu, siku ya sita, mtu ambaye sikumwona alisukuma kiti kupitia dirishani, akakiacha nje chini ya upenu wa paa. Nilikaa juu yake mpaka kulipokucha, huku barua ya mama ikiwa kifuani, imelowa na haisomeki tena.